Je, Wajua? Baridi Ina Sheria Zake, na Bili Ina Msaada Wake

Familia zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma zikapelekwa kuishi Kentucky, Iowa au Maine zilikuta mageni mengi kwa mpigo. Kuna moja ambalo mara nyingi hawakuambiwa mapema: bili ya Januari. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani nyumba haikaliki bila kupashwa joto tangu Oktoba hadi Aprili, na joto hilo hulipiwa. Wenye kipato kidogo wamewekewa msaada kwa sheria, lakini wengi hawaujui, na wengine huujua fedha zikiwa zimekwisha. Haya hapa mambo ya kujua, kwa aliyeko huko na kwa mwenye ndugu huko.

MFUKO WENYEWE

1. Mpango mkuu wa Marekani wa kusaidia gharama za joto la nyumbani unaitwa LIHEAP, na wenyeji huutamka "lai-hip". Rais Ronald Reagan alitia saini sheria yake Agosti 1981, ndani ya sheria kubwa ya bajeti ya mwaka huo.

2. Chanzo chake ni mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, na katika muda wa miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. Huko Maine, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, mashirika ya kijamii yalianza majira hayohayo ya baridi kuziba nyufa na madirisha ya nyumba za maskini. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa kwanza mpango wa taifa zima wa kukarabati nyumba, uliopitishwa mwaka 1976.

3. Tarehe 2 Februari 1977 Rais Jimmy Carter alilihutubia taifa kwenye televisheni akiwa amevaa sweta, ameketi karibu na moto. Aliwaomba wananchi wapunguze joto la nyumba zao hadi nyuzi 65 za Farenhaiti mchana, yaani kama 18 za Selsiasi, na nyuzi 55 usiku. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali na gesi ilikuwa haba.

4. Fedha za LIHEAP hupitia Wizara ya Afya na Huduma za Jamii, wala si Wizara ya Nishati. Mahali pake ni hapo hasa, kwa kuwa mtoto anayelala katika chumba chenye baridi anaweza kuishia hospitalini.

5. Serikali kuu hugawa fedha kwa majimbo yote 50, Washington D.C., visiwa vilivyo chini ya Marekani, na makabila ya wenyeji asilia yanayopokea moja kwa moja. Kila jimbo huupa mpango jina lake: New York na Maine huuita HEAP, Wisconsin WHEAP, Connecticut CEAP. Karani akikwambia hajui LIHEAP, muulize msaada wa bili za nishati. Huenda mnazungumzia mfuko uleule.

6. Bajeti yake katika miaka ya karibuni imekuwa kama dola bilioni 4 kwa mwaka, na husaidia takriban kaya milioni 6.

7. Lakini mfuko huu una kikomo. Katika msaada wa chakula, kila anayetimiza masharti hupewa. Hapa, unaweza kutimiza masharti yote ukaambiwa fedha zimekwisha. Kati ya kila kaya tano zinazostahili, inayofikiwa ni kama moja tu. Ndiyo maana mwezi unaopeleka maombi una uzito sawa na kipato chako.

NANI ANASTAHILI?

8. Sheria ya serikali kuu inaruhusu jimbo kusaidia kaya yenye kipato kisichozidi asilimia 150 ya kiwango rasmi cha umaskini, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kile kilicho kikubwa. Jimbo haliruhusiwi kushusha kikomo chini ya asilimia 110 ya kiwango hicho cha umaskini.

9. Kwa tarakimu za 2025, kiwango cha umaskini kwa kaya ya watu 4 kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka. Asilimia 150 yake ni dola 48,225. Kwa kaya ya watu 8 kikomo hicho kinafika dola 81,225. Familia kubwa zinazojiona zina kipato kingi mno zifanye hesabu upya kabla ya kukata tamaa.

10. Kuwa na kazi hakukuondolei haki hii. Baba anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani na mama anayehudumia wazee wanaweza kabisa kuwa ndani ya kikomo.

11. Si lazima nyumba iwe yako. Wapangaji wanastahili, na katika majimbo mengi hata yule ambaye joto limejumuishwa katika kodi ya nyumba anaweza kupata kiasi fulani.

12. Wakimbizi waliopokewa rasmi na waliokubaliwa hifadhi wamo katika orodha ya wanaostahili. Mwenye hadhi nyingine ya uhamiaji apate kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji au shirika la wakimbizi, kisha ndipo ajaze fomu.

13. Sheria inataka msaada mkubwa zaidi uende kwa wenye kipato kidogo zaidi na mzigo mkubwa zaidi wa bili, kwa kuzingatia ukubwa wa familia. Wazee, wenye ulemavu na watoto wadogo huangaliwa kwa namna ya pekee. Kama nyumbani kuna bibi au mtoto mchanga, hakikisha jina lake liko kwenye fomu.

14. Msaada huu hauhesabiwi kuwa kipato. Sheria yenyewe inakataza kuutumia kukupunguzia misaada mingine.

FEDHA HUPITA WAPI?

15. Mara nyingi hutaziona mkononi. Ofisi hulipa kampuni ya gesi, ya umeme au muuza mafuta moja kwa moja, na wewe huona salio lako limepungua.

16. Msaada unaweza kwenda kwenye gesi asilia, umeme, mafuta, propeni, na sehemu nyingine kuni au makaa ya mawe. Kila nishati ina hatari yake. Wa gesi hulimbikiza deni kisha hukatiwa. Wa mafuta huamka asubuhi akakuta tangi limekauka, na muuzaji haleti mengine bila malipo. Tangi la kawaida la nyumbani hubeba galoni 275, na wauzaji wengi hawapeleki kiasi kidogo.

17. Kuna sehemu ya mfuko kwa ajili ya dharura tu, na kila jimbo hutakiwa kuweka akiba ya dharura hadi tarehe 15 Machi. Ukiwa umepewa notisi ya kukatiwa, au mafuta yamebaki kidogo, omba msaada wa dharura kwa jina hilo. Ofisi inapaswa kuchukua hatua ndani ya saa 48. Maisha yakiwa hatarini, ndani ya saa 18.

18. Hita ikiharibika katikati ya Januari, usikimbilie kukopa. Majimbo mengi hutumia fedha hizihizi kuitengeneza au kuweka nyingine, hasa kwa mwenye nyumba yake.

19. Mfuko huu hausaidii baridi peke yake. Katika majimbo ya joto kali kama Arizona, Texas na Florida, sehemu yake hulipia umeme wa kupoza nyumba.

UFA NA UKUTA

20. Ule mpango wa 1976 bado upo, nao uko chini ya Wizara ya Nishati. Kazi yake ni kuikarabati nyumba yenyewe ili itumie nishati kidogo, bila malipo kwa anayestahili. Tangu uanze umefikia nyumba zaidi ya milioni 7. Majimbo yanaweza pia kuelekeza kazi hiyo hadi asilimia 15 ya fedha za LIHEAP, na hata asilimia 25 kwa kibali maalumu.

21. Mafundi wake hupima uvujaji kwa feni. Huifunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, milango na madirisha mengine yote yakiwa yamefungwa, kisha hunyonya hewa itoke nje. Hewa ya nje hujipenyeza kwa nguvu kwenye kila upenyo: kando ya bomba, chini ya mlango, kwenye kifuniko cha dari. Fundi akipitisha mkono huusikia upepo, na anajua pa kuziba.

22. Zana moja waipendayo sana ni karatasi. Magazeti ya zamani husagwa, hutiwa dawa ya kuzuia moto, kisha hupulizwa darini na ndani ya kuta. Tabaka hilo huzuia joto lisipotee kupitia juu, na hewa ya joto hupanda.

23. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayelipiwa bili kila mwaka katika nyumba inayovuja anasaidiwa msimu mmoja mmoja. Anayezibiwa nyumba anasaidiwa kwa miaka. Ombi la bili na ombi la ukarabati mara nyingi hupokelewa katika ofisi moja. Yaombe yote mawili siku hiyohiyo, maana foleni ya ukarabati ni ndefu.

24. Mpangaji naye anaweza kuomba ukarabati, ila mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi.

BARIDI NA MWILI

25. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi 18 za Selsiasi kuwa joto la chini lililo salama ndani ya nyumba katika nchi za baridi, na zaidi ya hapo kwa wazee, watoto na wagonjwa. Chini ya hapo mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, na mapafu hushambuliwa kwa urahisi.

26. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Jayanta Bhattacharya walichapisha matokeo ya kuhuzunisha. Miezi ya baridi kali ikifika, familia maskini za Marekani huongeza matumizi ya nishati, na hupunguza matumizi ya chakula kwa kiasi kinachokaribiana. Wazazi na watoto wao walikuwa wakila pungufu ya kalori kama 200 kwa siku. Familia zenye fedha hazikufanya hivyo.

27. Mwaka 2006 madaktari wa watoto, miongoni mwao Deborah Frank wa Boston, walilinganisha watoto wa familia zenye kipato kidogo. Wale ambao familia zao zilipata LIHEAP walikuwa na hali bora ya ukuaji, na walipofika idara ya dharura hawakulazwa mara nyingi kama wenzao ambao familia zao hazikupata.

28. Uchunguzi wa serikali ya Marekani wa 2020 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya kaya zote nchini, kama milioni 34, zilipata shida kulipa nishati au kuweka nyumba katika joto la kufaa. Kaya moja kati ya tano ilipunguza au kuacha mahitaji kama chakula na dawa ili kulipa bili.

29. Januari 2009, katika mji wa Bay City, Michigan, mzee wa miaka 93 alikutwa amekufa kwa baridi ndani ya nyumba yake. Alikuwa anadaiwa umeme, na kwenye mita yake kulikuwa kumefungwa kifaa cha kupunguza umeme ambacho hukata kabisa matumizi yakizidi. Aliishi peke yake. Kisa hicho kiliitikisa Michigan na kusukuma mabadiliko ya kanuni za kukata umeme. Mwenye mzazi mzee au jirani mpweke asingoje kusikia habari: abishe hodi.

30. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyozibwa kwa ajili ya baridi linaua. Nyumba nyingi za kwetu hupitisha hewa juu ya ukuta na chini ya bati. Nyumba za kule hufungwa pande zote. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka Marekani kwa sumu hiyo, ukiacha wanaokufa katika moto. Usiwashe jiko la mkaa ndani, wala jenereta, wala gari ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

31. Februari 2021 dhoruba ya baridi iliangusha gridi ya umeme ya Texas, jimbo ambalo nyumba zake hazikujengwa kwa baridi. Hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, na wengine na kaboni monoksidi walipojaribu kujipasha joto kwa njia zisizo salama. Kifaa kidogo cha kutoa mlio wa tahadhari ya hewa hiyo kinapaswa kuwa kwenye kila nyumba, karibu na vyumba vya kulala.

SHERIA ZA KUKATIWA

32. Majimbo mengi ya baridi huwabana wauzaji wa gesi na umeme wasikate huduma ya joto msimu wa baridi. Wisconsin, kinga huanza tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili. Massachusetts, kwa wenye shida ya fedha, tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi. Minnesota, tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili.

33. Kinga ya Minnesota haiji yenyewe. Mteja lazima awasiliane na kampuni, akubaliane nayo mpango wa malipo, na ashike ahadi. Anayenyamaza anaweza kukatiwa hata kwenye theluji.

34. Deni halifutwi na majira. Anayekaa bila kulipa chochote tangu Novemba hukutana na notisi Aprili, na jumla imeshakuwa nzito. Lipa kidogo kila mwezi, hata dola 20, na weka risiti.

35. Kinga hizi kwa kawaida hazimgusi muuza mafuta wala propeni, na baadhi ya kampuni za umeme za miji na za ushirika zina kanuni zao. Uliza mapema kampuni yako iko chini ya kanuni ipi.

36. Ohio ina njia nyingine. Chini ya mpango uitwao PIPP, kaya inayostahili hulipa sehemu maalumu ya kipato chake kwa gesi na sehemu nyingine kwa umeme, kisha ikilipa kwa wakati, salio na deni la zamani hupunguzwa. Bili hufuata uwezo wa mlipaji mwaka mzima.

37. Barua ya daktari ina nguvu. Majimbo mengi huahirisha kukatwa kwa muda pale daktari anapothibitisha kuwa kuna mgonjwa ambaye maisha yake yatadhurika, kwa mfano anayetegemea mashine ya kupumulia.

NG'AMBO YA ATLANTIKI

38. Uingereza ilianza kuwalipa wazee fedha za joto mwaka 1997, Gordon Brown akiwa waziri wa fedha. Kwanza ilikuwa pauni 20 kwa wengi na 50 kwa maskini zaidi. Baadaye ikafika 200, na 300 kwa wenye miaka 80 na zaidi. Julai 2024 serikali ilitangaza kuwabakizia wale tu wanaopata misaada maalumu ya kipato, na wanaolipwa wakashuka kutoka zaidi ya milioni 10 hadi kama milioni 1.5. Wananchi walipinga kwa nguvu, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma: wastaafu wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka wakarudishiwa.

39. Huko England, Wales na Ireland Kaskazini kuna malipo ya pauni 25 kwa anayepata misaada fulani, kila wastani wa joto eneo lake unapokuwa nyuzi 0 au chini kwa siku 7 mfululizo, kati ya 1 Novemba na 31 Machi. Uskoti imeachana na kusubiri kipimajoto: hulipa mara moja kila msimu, iwe kuna barafu au hakuna.

40. Tangu 2011 kuna pia punguzo kwenye bili ya umeme, sasa pauni 150, kwa kaya zenye kipato kidogo. Mwaka 2025 masharti yalilegezwa na mamilioni ya kaya zaidi zikaingizwa.

41. Baridi ina ndugu yake, ukungu wa ukutani. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, mwenye miaka 2, alifariki Rochdale, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ikathibitisha kuwa chanzo ni ukungu uliojaa katika nyumba ya kupanga ya familia yake. Leo kuna sheria yenye jina lake. Tangu Oktoba 2025 inawataka wenye nyumba za kijamii huko Uingereza kushughulikia unyevu na ukungu wa hatari kwa muda uliopangwa. Ukungu ukiota kwenye kona ya chumba cha mtoto, piga picha, andika barua, usipake rangi juu yake.

42. Nchini Ufaransa, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi mpangaji hafukuzwi kwenye nyumba. Mzizi wa kinga hiyo ni Februari 1954, pale padri aliyejulikana kama Abbé Pierre alipoliomba taifa kwa redio liwasaidie wasio na makao, baada ya mwanamke kufa kwa baridi barabarani Paris. Tangu sheria ya 2013, gesi na umeme navyo havikatwi nyumbani katika miezi hiyo, ingawa nguvu ya umeme inaweza kupunguzwa.

43. Ufaransa pia hutoa hundi ya nishati. Tangu 2018 imeenea nchi nzima, na kwa miaka mingi wengi wameletewa kwa posta bila kuomba, kwa sababu ofisi ya kodi ilikwishajua kipato chao. Njia hiyo huwafikia hata wasiojua kuwa msaada upo, na ni somo kwa kila serikali inayolalamika kuwa maskini hawajitokezi.

MFUKO UKIYUMBA

44. Katika muhula wake wa kwanza Rais Donald Trump alipendekeza mara kadhaa kuifuta LIHEAP, na kila mara Bunge liliendelea kuipa fedha. Aprili 2025 watumishi wote wa ofisi ya taifa inayousimamia mfuko huu walipunguzwa kazi, na bajeti iliyopendekezwa kwa mwaka 2026 haikuutengea hata senti.

45. Serikali ya Marekani ilipofungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, majimbo yalicheleweshewa fedha hizo wakati baridi ilikuwa imeshaingia. Wapo waliokuwa na fomu zilizokamilika wakangoja. Mfuko unaotegemea upepo wa siasa humwacha mwenye tangi tupu akiwa wa kwanza kuumia, na ndiyo sababu wabunge wa majimbo ya baridi, wa vyama vyote viwili, wamekuwa wakiutetea kwa miaka.

YA KUFANYA SASA

46. Jua mwezi wa jimbo lako. Minnesota na Wisconsin hufungua msimu wa maombi Oktoba. New York mara nyingi huwa Novemba. Baadhi ya majimbo huwatanguliza wazee na wenye ulemavu.

47. Tayarisha hati kabla ya dirisha kufunguliwa: vitambulisho, namba za Hifadhi ya Jamii za waliomo nyumbani, vipande vya mishahara vya karibuni, mkataba wa kupanga, bili ya mwisho ya kila nishati. Maombi mengi hukwama kwa hati moja iliyokosekana, na barua ya kuidai huja kwa Kiingereza. Usiiache mezani.

48. Hujui ofisi iko wapi? Karibu kote Marekani, kupiga 211 humuunganisha mtu na huduma za jamii za eneo lake.

49. Omba mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua katika kesi ya Lau v. Nichols kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kunaweza kuwa ubaguzi wa aina hiyo. Katika miji kama Lexington, Kentucky, Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa baada ya Kiingereza na Kihispania. Usimtumie mtoto wa darasa la nne kutafsiri bili na notisi.

50. Ukikataliwa, una haki ya kusikilizwa. Sheria ya LIHEAP inalitaka kila jimbo kutoa nafasi ya rufaa kwa aliyenyimwa msaada, na pia kwa ambaye ombi lake limekaa muda mrefu bila jibu. Omba sababu kwa maandishi, angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, na ukate ukiona hesabu yao ya kipato au ya watu wa nyumbani ina kasoro.

51. Fedha hizi zinatokana na kodi, na anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani anakatwa kodi hiyo kila siku ya mshahara. Kuomba msaada wa joto ni kuchukua kilichowekwa na sheria kwa ajili ya nyumba kama yake. Aibu isimzuie mzazi kupanga foleni mwezi Oktoba, kwa sababu Februari foleni hiyohiyo inaweza kumfikisha kwenye dirisha lisilo na fedha.